FreeCAD kwa sisi wa vyuma: nimeipima kwa senta laini na imepita

Mafundi na wachoraji wenzangu wa Arusha na Moshi, kwenye magrupu yetu haipiti wiki bila mtu kuuliza achoree programu gani, na majibu ni yale yale, huyu anasema AutoCAD, huyu SolidWorks, mwingine anatuma linki ya kreki. Mi jibu langu ni FreeCAD, na wala sianzi na hoja ya bure ingawa ni ya bure kweli, naanza na senta laini. Yaani ule mstari wa katikati unaouweka kwenye sketchi (mchoro bapa ambao umbo linatokana nao) ili upimie na kugawia vitu vingine, ambao wenyewe hautakuwa chuma. Kwa kazi zetu programu ikifeli hapo imefeli kila mahali, haijalishi ina rangi nzuri kiasi gani.

Angalieni kazi zinazopita kwenye karakana za Unga Limited hapa Arusha kwa siku moja tu. Puli za mashine za kusaga, shafti, flenji, hausi za beringi, vibebeo vya tairi la spea vya magari ya safari, paa za kunyanyuka za Land Cruiser, huku Moshi unaongeza na ngoma za mashine za kumenya kahawa. Vyote hivyo ama vinazunguka ama kushoto kwake lazima kufanane na kulia. Fundi wa kuchonga ukimpelekea mchoro kitu cha kwanza anauliza "senta yake iko wapi", akishaijua anafunga chuma anaanza kazi, asipoijua atakupigia simu kila nusu saa. Sasa kama mchoro wenyewe kwenye kompyuta haukuanzia senta, vipimo vyote unavyompa vimetoka pembeni, na ukibadilisha kimoja vingine vinahama.

Kwa asiyeijua, FreeCAD ilianza kuandikwa 2002 na ikakaa miaka mingi inaitwa 0 nukta kitu fulani, mpaka Novemba 2024 ndo wakatoa toleo la 1.0. Inaingia kwenye Windows, Linux na Mac, leseni yake ni LGPL kwa hiyo hata ukiitumia kwa kazi za kulipwa hakuna mtu wa kukudai. Nazungumzia hilo la 1.0 kuja mbele. Kama mlishaijaribu zamani mkaichoka jaribuni tena kwa sababu lile tatizo lake kubwa, la kwamba ukirudi nyuma kurekebisha sketchi ya kwanza basi matundu na mifereji inarukia uso mwingine, wamelipunguza sana.

Turudi kwenye mistari. Ukifungua sketchi mpya unakuta tayari kuna mhimili mwekundu umelala na wa kijani umesimama, vinakutana kwenye sifuri. Watu wengi wanaiona kama mapambo tu wanaanza kuchora popote pembeni, halafu mwishoni wanahangaika kusogeza. Ile mihimili miwili ndo senta laini zako za kwanza na huhitaji kuzichora. Mfano mdogo, unataka bati la mstatili likae katikati, chora mstatili ovyo tu, bofya kona moja, bofya kona inayoitazama kwa mshazari, bofya ile sifuri, kisha bonyeza S kwenye kibodi. Basi, limeshakaa katikati na halitoki tena hata ubadilishe urefu mara ngapi. S ni kifungo cha ulinganifu, yaani kinafunga vitu viwili vikae sawa pande zote mbili za senta, na kama kuna kifungo kimoja cha kujifunza kabla ya vingine vyote ni hicho.

Ukihitaji senta laini nyingine zaidi ya hizo mbili, chora mstari wa kawaida, uchague, bonyeza G halafu N. Unageuka bluu. Kuanzia hapo programu inauhesabu kama mstari wa msaada, unaweza kuufunga, kuupima, kuutumia kama kioo au kama mhimili wa kuzungushia, ila ukienda kutengeneza umbo la pande tatu wenyewe hauonekani. Na ukibonyeza G N bila kuchagua kitu chochote basi vifaa vyote vya kuchorea vinageuka bluu, kila utakachochora kinazaliwa cha msaada mpaka ubonyeze tena. Hiyo naipenda sana kwa sababu mi huanza mchoro wote kwa bluu, naweka mifupa yote kwanza, nikimaliza ndo narudi kwenye mistari ya chuma.

Niwaonyeshe kwenye puli maana maneno matupu hayasaidii. Tuseme mteja anataka puli ya kufunga kwenye mota, ya mkanda wa B, ule wenye upana wa milimita 17 juu na kina cha 11, mifereji miwili, kipenyo cha hesabu (kile cha kuhesabia mwendo wa mkanda, siyo cha nje) 150. Nachora nusu tu ya umbo lake, ile nusu ya juu, na mhimili mwekundu ndo katikati ya shafti. Mstari wa kwanza wa bluu naulaza sambamba na mhimili, juu kwa milimita 75, huo ndo mstari wa kipenyo cha hesabu. Wa pili nausimamisha, ndo senta ya mfereji wa kwanza. Wa tatu nausimamisha pembeni yake kwa 19, maana mifereji ya B inaachana 19 kutoka senta mpaka senta. Hapo sijachora chuma chochote lakini puli karibu yote ipo tayari.

Sasa kuta za mfereji. Naweka vidoti viwili kwenye ule mstari wa 75, nachagua kimoja, cha pili, na senta ya mfereji, S, halafu naweka umbali wa 14 kati yao, kwa sababu mfereji wa B pale kwenye kipenyo cha hesabu una upana wa 14. Kuta mbili zinapita kwenye hivyo vidoti na pembe kati yao naweka digrii 34. Juu ya mstari wa hesabu naongeza 3.5 kwa hiyo kipenyo cha nje kinatoka 157, chini nashuka angalau 10.8 ili mkanda usiguse sakafu ya mfereji, mkanda wa V unashika kwa mbavu zake, ukikaa chini unateleza na kuungua. Mfereji wa pili nao nauchora kwenye senta yake na kuta zake nazifanya sawa na za kwanza kwa kifungo cha E. Mistari yote ikigeuka kijani ujue sketchi imefungwa yote, hakuna kinachocheza. Kisha natoka, nachagua Revolution, yaani amri ya kuzungusha sketchi iwe umbo, mhimili naweka ule wa kulala wa sketchi, puli hiyo hapo.

Raha yake inakuja mteja akipiga simu jioni anasema mashine inaenda taratibu nataka 200 badala ya 150. Nafungua sketchi, ile 75 naandika 100, puli nzima inapanuka na mifereji inabaki mifereji. Kitu kimoja tu cha kukumbuka, puli ya B ikishavuka 190 pembe ya mfereji inatakiwa 38 siyo 34, kwa sababu mkanda ukijipinda kwenye puli ndogo ndo mbavu zake zinabadilika zaidi, hilo programu haiwezi kulijua lazima ubadilishe mwenyewe. Kwa hiyo vipimo viwili tu vimebadilika. Kama puli ingechorwa kwa kupima kutoka ukingoni, jioni hiyo ungechora upya.

Mfano wa pili ni mduara wa mashimo, na hapa pia inafanya vizuri. Kibebeo cha spea cha Prado kinahitaji bati lenye matundu 6 kwenye duara la 139.7. Watu wanahesabu kwa kikokotoo tundu moja moja, sini na kosini, wakati kuna njia fupi mno. Chukua kifaa cha pembesita, ukiichora inakuja na duara lake la bluu tayari, ipe senta kwenye sifuri, lipe lile duara kipenyo 139.7, zile pembe sita zichague mistari yake yote ugeuze bluu kwa G N, kisha weka matundu kwenye kila kona na uyafanye sawa kwa E. Ukitaka ya Land Cruiser zile za matundu 5 kwenye duara la 150 unachukua pembetano. Duara la msaada nalo ni senta laini vilevile, wengi wanasahau hilo wanadhani lazima uwe mstari ulionyooka.

Halafu kuna hili la kukata bati, na ningeomba wenye mashine za plazma wasome hapa taratibu. Mistari ya bluu ya FreeCAD haimo ndani ya umbo lenyewe, kwa hiyo ukitoa faili la DXF, lile la kupeleka kwenye mashine ya kukata, kutoka kwenye sketchi haitoki nayo. Kinachotoka ni chuma tu. Kwenye michoro ya kawaida ya AutoCAD senta laini ni mstari kamili kama mistari mingine, umevaa tu ile sura ya kistari kirefu na kifupi, na mchoraji asipoitenga kwenye leya yake au asipoizima kabla ya kutuma, mashine haijui hiyo ni senta au ni ukingo, inakata. Kuna karakana moja hapa mjini nililiona bati la milimita 6 limepasuliwa katikati kabisa kwa mtindo huo, na bati la unene huo bei yake mnaijua. Mwenye AutoCAD anaweza kujilinda kwa leya, sisemi haiwezekani, ila inategemea ukumbuke, kwenye FreeCAD unalindwa hata ukisahau.

Mapungufu yapo, tena mengine yanaudhi.

La kwanza na linaloniuma zaidi ni la kipenyo. Kwenye SolidWorks ukipima kutoka mstari mpaka senta laini halafu ukavuta mausi ukavuka upande wa pili wa senta, inakuandikia kipenyo kizima badala ya nusu. Fusion nayo ina aina yake ya senta laini inayofanya hivyo hivyo. FreeCAD haina. Unachora nusu, unaandika nusu. Fundi anasoma kipenyo, kaliba yake inapima kipenyo, sasa wewe kichwani unagawa kwa mbili kila mahali na hapo ndo hatari inapoingia. Kuna njia mbili za kuzunguka. Ya kwanza, kwenye kisanduku cha kipimo andika 157 mm / 2, inakubali hesabu, hivyo namba unayoiandika ni ile ile iliyoko kwenye karatasi ya mteja. Ya pili ndo ninayoipendekeza kwa shafti zenye ngazi nyingi, weka kidoti cha bluu upande wa pili wa mhimili, kilinganishe na kona ya umbo kwa S, kisha pima kati ya kona na kidoti. Kipimo kinachobaki kwenye sketchi ni kipenyo kamili na yeyote atakayefungua faili ataelewa. Ni kazi ya ziada kidogo lakini shafti yenye viti viwili vya beringi inastahili hiyo kazi.

La pili, hicho kifungo cha S ukikichanganya na vifungo vingine kinagomba. Umeshasema mstari umelala, umeshasema kona mbili ziko sawa na senta, ukija kuongeza tena urefu wa kushoto na wa kulia vyote viwili inakuambia umezidisha, rangi zinabadilika na ujumbe unatokea pembeni. Anayeanza anaogopa anafuta kila kitu. Hakuna haja, ule ujumbe unakutajia kifungo gani kimezidi, kibofye ukifute hicho hicho kimoja. Utaratibu unaonisaidia ni ulinganifu kwanza, vipimo mwisho, na upande mmoja tu ndo unapewa kipimo, wa pili unafuata wenyewe.

La tatu, senta laini ya kwenye sketchi haihamii kwenye karatasi ya mchoro. Ukienda TechDraw, sehemu ya FreeCAD ya kuandaa karatasi ya kumpa fundi, umbo linakuja tupu, senta unaziongeza upya, unachagua uso au mistari miwili unaiambia iweke senta kati yake. Zinatoka vizuri tu, na mtindo ule wa kistari kirefu na kifupi unaojulikana duniani kote, lakini kwa nini nizichore mara mbili? Hapo nawaomba wanaoitengeneza wapaangalie.

Uzuri ni kwamba kwenye 1.0 unaweza kuingia kwenye mipangilio ukabadilisha unene na muundo wa mistari ya msaada. Fanya hivyo mapema hasa kama kioo cha laptopu yako ni cha zamani, maana ile bluu kwenye mandhari ya kijivu kukiwa na mwanga wa mchana karakanani huioni.

Kuhusu nyingine, kwa kifupi. Onshape ni nzuri mno kwa sketchi, unabonyeza Q mstari unakuwa wa msaada, ila ya bure faili zako zote ziko wazi kila mtu duniani anaziona na hairuhusiwi kwa biashara, na inaishi kwenye intaneti, bando likiisha umeishia hapo. Fusion ya bure ni ya matumizi binafsi, mafaili 10 tu ndo yanakuwa hai kwa wakati mmoja. SolidWorks kwa senta laini ndo bingwa, sitabishana na mtu, na kampuni inayoweza kulipia leseni ilipie. Za kreki mi siziingizi kwenye kompyuta ya kazi, faili za wateja zimo humo.

FreeCAD ukishaidaunilodi mara moja umemaliza, hata kama uko shamba Mbuguni au juu Marangu hakuna mtandao inafanya kazi ile ile. Laptopu ya kawaida yenye ramu 8 inaisukuma kwa kazi za aina hii bila shida. Ila umeme wetu mnaujua, ingia kwenye mipangilio uipunguze ile dakika ya kujihifadhi yenyewe, inakuja ikiwa imewekwa mbali sana, weka dakika tatu au tano.

Ushauri mmoja kwa vijana wanaotoka Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) na VETA Moshi wanaoanza nayo. Msitegemeze sketchi ya pili juu ya uso wa umbo la kwanza kama mnaweza kuitegemeza kwenye mihimili na zile bapa tatu za mwanzo. Njia ya kabari ya shafti kwenye ile puli kwa mfano, msibofye uso wa puli mkachora hapo, chukueni bapa la mwanzo linalopita sifuri, senta iko pale pale na haihami hata puli ikinenepa. Waliokuwa wanachora hivi tangu enzi za 0.19 hawakusumbuliwa sana na lile tatizo la matundu kuruka, na hata sasa lilipopunguzwa bado ndo njia iliyo salama. Kama lazima mchukue ukingo au tundu la umbo lingine, kuna kifaa cha kuleta mistari ya nje, inaingia na rangi ya zambarau, itumieni kwa kiasi.

Kwa anayechora plani za nyumba tu sioni sababu ya kuhama, abaki na alichozoea. Mwenye mashine ya kuchonga, mwenye plazma, anayetengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe au za kukoboa, huyu aichukue leo. Nyota nne kati ya tano, ya tano nimeikata kwa ajili ya kile kipenyo.

Faili la hiyo puli ya B ninalo, anayelitaka aandike hapo chini kipenyo na idadi ya mifereji nimrekebishie nimtumie, na kama anatumia mkanda wa A aseme, maana hapo umbali wa senta unakuwa 15.